Mofini, Kongosho na Mfuko wa Nyongo Usiokuwepo

Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari wamefundishwa kwamba mgonjwa ambaye kongosho lake limevimba ghafla asipewe mofini, apewe pethidini. Sababu ni msuli wa duara ambao Ruggero Oddi aliueleza mwaka 1887, akiwa bado mwanafunzi mjini Perugia. Msuli huo hubana na kuachia mlango ambamo nyongo na maji ya kongosho humiminikia utumbo mwembamba. Mofini huukaza. Ukishakazwa, walisema wenye hoja, maji yenye vimeng'enya hukwama na kongosho huanza kujiyeyusha lenyewe.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Ya pili ilichukuliwa kwa imani. Kilichopimwa kilikuwa shinikizo ndani ya mirija, si hatima ya wagonjwa, kisha shinikizo likahesabiwa kuwa ndilo dhara. Isitoshe, pethidini nayo huukaza msuli uo huo, na ini huigeuza kuwa norpethidini, kemikali inayolimbikizana mwilini figo zinapodhoofu na kuleta degedege. Figo kudhoofu si jambo geni kwa mtu aliyezidiwa na ugonjwa huu. Tathmini ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ilikusanya majaribio 5 yenye wagonjwa 227 na haikuona kwamba dawa za jamii ya afyuni, kama mofini na pethidini, ziliongeza madhara kuliko dawa nyingine za maumivu. Majaribio hayo ni madogo, nayo hayafungi mjadala, lakini katazo la zamani halikuwa hata na hayo.

Je, basi msuli wa Oddi ulisingiziwa? Hapana, na ushahidi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwezi Mei 2015 Marekani iliidhinisha eluksadolini, dawa ya watu wenye tumbo la kusokota na kuharisha la muda mrefu. Huamsha vipokezi vilevile vya seli, viitwavyo mu, ambavyo mofini huviamsha, ila hufanya kazi yake zaidi ndani ya utumbo. Hadi Februari 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilikuwa imepokea taarifa 120 za uvimbe mkali wa kongosho au kifo. Kati ya wagonjwa 68 ambao hali ya mfuko wao wa nyongo ilitajwa, 56 hawakuwa nao. Wawili walifariki, na wote wawili walikuwa wametolewa mfuko huo. Mwezi uliofuata mamlaka ilionya kwamba watu wa namna hiyo wasipewe dawa hii.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mfuko wa nyongo hupokea nyongo mlango unapobanwa, hivyo hupunguza shinikizo. Ukiondolewa, shinikizo halina pa kupumulia. Kwa maoni yangu, hapa ndipo utafiti ulipaswa kuanzia tangu mwanzo: si dawa ipi ni mbaya, bali ni mbaya kwa nani.

Panya wametupa tahadhari nyingine. Mwaka 2018 jarida la Gut lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mofini ilizidisha ugonjwa na kuzuia kongosho lisijijenge upya, jambo lisiloelezeka kwa msuli peke yake. Nalichukulia kwa uzito, lakini panya aliyesababishiwa ugonjwa maabara si binadamu anayejipinda kitandani kwa maumivu, na maumivu yasiyotibiwa nayo ni dhara. Uganda ililielewa hilo mapema: tangu 2004 imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kumwandikia mgonjwa mofini. Kurudisha hofu ya jumla kutawanyima nafuu wengi ili kuwalinda wachache tunaoweza kuwatambua.

Kuwatambua kunahitaji swali moja kabla ya sindano: umewahi kutolewa mfuko wa nyongo? Akijibu ndiyo, daktari aanze na dawa isiyo ya jamii ya afyuni inapowezekana, na akilazimika kutumia mofini, dozi iwe ndogo na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Asiyeweza kujibu, makovu ya tumboni na ultrasaundi vitamjibia.