Nani Amwambie Mtoto?

Programu ya CHAMP ilizaliwa Chicago miaka ya 1990 ili kuwakinga watoto dhidi ya VVU. Baadaye New York wakaibadili iwafae waliozaliwa na virusi. Msingi wake ni mzazi na mwanawe kukaa pamoja na kusemezana waziwazi kuhusu mwili, mapenzi na dawa.

Ilipofika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kukifasiri kijitabu chake kwa Kizulu hakukutosha. Mara nyingi mlezi alikuwa bibi aliyewazika wanawe kwa ugonjwa huohuo, na hlonipha, adabu ya Wazulu, haimruhusu mdogo kutamka mambo ya unyumba mbele ya mkubwa. Ndipo ikabuniwa VUKA: vikao 10 vya familia za watoto wanaokaribia kubalehe, vikifuata hadithi ya katuni. Bibi na mjukuu huinamia ukurasa mmoja wakimjadili mtoto wa kwenye picha: mbona haambiwi vidonge ni vya nini? Wa kumweleza ni nani? Kumsema mtoto wa picha si kumkosea mtu adabu. Msiba nao ulipewa kikao chake, na kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana ni vigumu kumhimiza mtoto ameze dawa bila kumwambia mama yake alikufa na nini.

Moshi, Tanzania, wameshika njia nyingine. Katika programu yao ya vijana wenye VVU, Sauti ya Vijana, vijana waliowatangulia kidogo kwa umri huwaongoza wadogo zao katika vikao 10 vya kikundi, na walezi hualikwa viwili tu. Ni busara, maana yapo maneno ambayo kijana huyatoa kwa rika lake peke yake.

Na pwani yetu? Huku, kwa mila, mama hamfundi bintiye. Kazi hiyo ni ya somo au kungwi, na bibi ana utani na mjukuu. Ningependa watu hao waingizwe kwenye programu, ila kuna jambo la kuogopa: siri ya mtoto ni siri ya mama pia. Kile kidonge kinachoitwa nyumbani "dawa ya kifua" huenda kimebeba ndoa yake nzima.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa vikao vya namna hii Tanga, Mombasa au Unguja: kabla ya kufungua kijitabu, mketisheni mama faraghani, mumuulize yeye anamwamini nani.