Namna ya kutambua mahali pema pa kuvulia samaki mlimani

MAZIWA ya mlimani huwahadaa wengi. Mvuvi hufika akiwa amechoka kwa safari, akayaona maji yametulia tuli, akasimama palipo karibu na hema lake na kutupa ndoana mbali kadiri awezavyo. Jioni hurudi mikono mitupu, akidai kwamba ziwa halina samaki. Aghalabu samaki wamo, tena walikuwa karibu na miguu yake.

Samaki anayesakwa sana katika maji baridi ya milima ya Kenya ni trauti. Asili yake si huku. Mnamo 1905, mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa hudhurungi kutoka Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, kwenye safu za Nyandarua. Baadaye wakaletwa pia trauti wa upinde wa mvua. Hivi leo samaki hawa wanapatikana katika mito kadha ya Nyandarua na Mlima Kenya, na vilevile katika maziwa kama vile Ellis, upande wa Chogoria, pamoja na Rutundu na Alice, kaskazini-mashariki mwa mlima. Maziwa hayo matatu yako zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Anayetafuta mahali pa kusimama hana budi kujiuliza trauti anahitaji nini. Anahitaji chakula, maji yenye hewa ya kutosha na maficho. Mahali panapokutanisha mambo haya ndipo pa kuanzia.

Kwanza, tafuta kijito kinachoingia ziwani. Maji yake yanayoporomoka maweni huchukua hewa njiani, na hubeba wadudu na viluwiluwi vyao. Trauti huja mdomoni mwa kijito kupokea riziki hiyo. Vivyo hivyo, angalia pale maji yanapotokea kwenda mtoni.

Pili, tazama rangi ya maji. Karibu na ukingo maji huwa mepesi na sakafu huonekana. Mbele kidogo yanageuka meusi ghafla. Mpaka huo ni muhimu mno. Kwenye maji mafupi mwanga hufika chini, majani huota na wadudu huzaana. Kwenye kina samaki hujificha. Trauti hupita mpakani wakivuka kwenda kula na kurudi. Kwa hivyo tupa mshipi sambamba na ukingo, ufuate mpaka huo, badala ya kuulenga katikati ya ziwa.

Tatu, jua upepo unakoelekea. Wadudu wanaoanguka majini husukumwa hadi ukingo unaopigwa na mawimbi, na samaki huwafuata. Mawimbi madogo pia humficha mvuvi. Rasi za mawe, magogo yaliyozama na vichaka vilivyoinamia maji navyo visipuuzwe.

Kabla ya kukaribia, simama nyuma ya ukingo kwa dakika kumi hivi, uangalie viduara vinavyotokea samaki anapodonoa juu ya maji. Trauti wa ziwani hutembea. Akionekana mara mbili mahali pamoja, huenda akarudi. Nyata, inama, na usiache kivuli chako kianguke majini. Alfajiri na magharibi ndizo saa bora. Mlimani mawingu hushuka mara nyingi kuanzia adhuhuri, basi alama ya njia ya kurudi kambini iwe imekwisha kujulikana mapema.

Mahali pema pa samaki huenda pasiwe pema pa binadamu. Nyati na ndovu hufika hadi nyanda hizo za juu, na njia zao mara nyingi huishia majini. Ukiona kinyesi kibichi au nyayo mpya, hama. Piga hema mbali na ukingo, usivue peke yako, na usiingie majini kufuata ndoana iliyonasa: baridi yake hulegeza viungo upesi, na usiku halijoto hushuka hadi barafu kuganda. Anayeumwa na kichwa, kutapika na kukosa pumzi ateremshwe bila kungoja samaki wa mwisho.

Leseni ya kuvua na ada ya kuingia mbugani zishughulikiwe kabla ya safari. Uliza pia ni chambo gani kinachoruhusiwa na idadi ya samaki wa kuchukua.

Hayo yana sababu. Trauti hutaga katika changarawe ya maji yanayotiririka. Ziwa dogo lisilo na kijito kifaacho haliwezi kujijaza lenyewe. Hutegemea samaki wanaopandwa na watu. Wachache wenye tamaa wanaweza kulimaliza kwa msimu mmoja. Chukua wa kitoweo cha usiku huo, uwarudishe wadogo kwa mikono iliyoloweshwa, na mwingine atakayepanda mlima atakuta bado pana cha kuvuliwa.