Kamera kooni, na mkono wa daktari kijana

Fikirieni daktari kijana, saa nane za usiku, mbele ya mgonjwa mahututi anayeshindwa kupumua. Lazima apitishe mrija mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa. Ukiingia njia ya chakula, hewa haifiki mapafuni, na dakika chache tu zinatosha kumpoteza mtu.

Shida ya zamani ilikuwa hii: mule ndani hamuonekani. Manuel García, aliyesaidia sana kuitatua, hakuwa munganga hata kidogo, alikuwa mwalimu wa kuimba. Mwaka 1854, kwa kioo kidogo na mwanga wa jua, aliona nyuzi zake mwenyewe za sauti. Mwaka 1895 Alfred Kirstein wa Berlin akaonyesha kwamba unaweza kuangalia moja kwa moja, bila kioo. Mwaka 1943 Robert Macintosh wa Oxford akatoa chuma kilichopinda cha kuinulia ulimi, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Halafu, mwaka 2001, chombo cha John Pacey, mpasuaji wa Kanada, kikaweka kamera kooni na picha kwenye skrini.

Je, kamera inatosha? Utafiti wa Ufaransa wa 2017, kwa wagonjwa mahututi 371, ulijibu hapana: jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 67.7 kwa kamera, 70.3 bila kamera. Kuona njia ni kitu kimoja, kupitisha mrija ni kingine. Marekani, 2023, kwa wagonjwa 1,417, kamera ilishinda: 85.1 kwa 70.8. Na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa waliofanya kazi hiyo mara chache.

Hapo sisi wa Kindu tunahusika. Tumezoea kusema vyombo vya kisasa ni vya mabingwa wa miji mikubwa. Utafiti huo wa 2023 unatuambia kinyume: anayevihitaji zaidi ni mwenye mkono mpya, aliye mbali na bingwa wa kumsaidia.

Lakini betri inaisha, na damu inafunika kamera. Siku hiyo utabaki na chuma cha Macintosh na mazoezi yako. Kwa hiyo tudai kamera, ndiyo, na wakati wa staji tusikimbie zamu za usiku. Mkono unajifunzia pale, mbele ya mkubwa anayekuangalia.