Safari za pikipiki za masafa marefu

Safari za pikipiki za masafa marefu ni safari za siku nyingi, mara nyingi za kuvuka nchi kadhaa, zinazofanywa kwa pikipiki kubwa zilizoundwa kupita kwenye lami na pia kwenye njia za udongo, mchanga, mawe na tope. Zinatofautiana na mashindano kwa kuwa hakuna anayepimwa muda. Zinatofautiana pia na usafiri wa bodaboda, ingawa aina zote mbili hutumia barabara zilezile.

Makala hii inaeleza historia, vyombo na mbinu za safari hizo, ikichukua mifano kutoka kusini mwa Tanzania, hasa wilaya za Nachingwea na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi. Katika kata za vijijini kama Ruponda, sehemu kubwa ya njia ni za udongo, na hali ya njia hubadilika sana kati ya kiangazi na masika.

Historia

Pikipiki zilifika Afrika Mashariki kabla ya barabara nzuri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, jeshi la Afrika Kusini lilikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki katika mapigano dhidi ya Wajerumani. Hata hivyo, kadiri vita ilivyosogea kusini, injini zilisaidia kidogo. Ruponda palikuwa na bohari ya jeshi la Kijerumani, iliyotekwa na Waingereza mwezi Oktoba 1917. Magari yalikwama na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hivyo shehena kubwa ilibebwa na wapagazi vichwani.

Miongoni mwa safari za kwanza zinazojulikana za kuvuka bara zima ni ile ya wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Waliondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther ya sentimita za ujazo (cc) 600, iliyokuwa na kiti cha pembeni na tela. Walivuka jangwa la Sahara na kufika Cape Town Julai 1935.

Mwandishi Ted Simon aliondoka Uingereza mwaka 1973 kwa pikipiki ya Triumph ya cc 500, akazunguka dunia kwa miaka 4 na kupita Afrika Mashariki. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kilitolewa mwaka 1979 na kuwavutia wasafiri wengi. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walisafiri kutoka Uskoti hadi ncha ya kusini ya Afrika kwa pikipiki za BMW, wakipitia Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na Malawi.

Mashindano nayo yalichangia kuunda vyombo vipya. Mbio za kwanza za Paris–Dakar zilianza 26 Desemba 1978, na Cyril Neveu alishinda upande wa pikipiki akiwa na Yamaha XT 500. Mwaka 1980 BMW ilitoa R 80 G/S, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa aina ya pikipiki kubwa za safari. Honda ilifuata na Africa Twin mwaka 1988.

Pikipiki zinazotumika

Pikipiki kubwa ya safari kwa kawaida ina injini ya kati ya cc 650 na 1300. Huwa na shokapu ndefu, gurudumu la mbele lenye kipenyo kikubwa, na tangi la mafuta la lita 20 au zaidi. BMW R 1200 GS Adventure iliyotumika katika safari ya mwaka 2007 ina tangi la lita 33, na tangi likijaa ina uzito wa kilo 256 hivi kabla ya kupakiwa mizigo.

Pikipiki za bodaboda zinazotumika vijijini zina injini ya cc 100 hadi 150, na nyingi hazifiki kilo 130. Uzito ndio unaoamua mambo mengi katika safari za njia za udongo. Kwenye moramu kavu, pikipiki nzito hutulia barabarani, hubeba maji, vifaa na mafuta ya siku nzima, na haimchoshi mpandaji haraka. Ikianguka kwenye tope au mchanga mzito, mtu mmoja huinyanyua kwa shida sana. Bodaboda ikikwama, vijana wawili huibeba na kuivusha. Kwa sababu hiyo, wasafiri wengi wenye uzoefu huchagua pikipiki za wastani za cc 250 hadi 450 wanapojua kwamba lami itakuwa chache.

Udongo na majira

Kusini mwa Tanzania kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Wakati unaofaa kwa safari ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kuanzia Oktoba huwa pia ni msimu wa korosho, na malori ya mazao huongezeka barabarani pamoja na vumbi lake.

Msafiri hukutana na aina kuu tatu za njia:

- Moramu na udongo mwekundu: hupitika vizuri wakati wa ukavu, lakini magari huacha vijituta vilivyofuatana vinavyotikisa chombo na kulegeza nati. Mvua ikinyesha, uso wake huteleza.
- Mchanga: hupatikana zaidi mabondeni na kwenye vijito vilivyokauka. Gurudumu la mbele huzama na kuvuta usukani upande.
- Udongo mweusi wa mbuga: wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka. Ukilowa hunata kwenye magurudumu hadi yakashindwa kuzunguka. Pikipiki nzito hukwama hapa kuliko mahali pengine popote.

Mito kama Mbwemkuru na Lukuledi hupungua sana wakati wa kiangazi, lakini mvua inayonyesha mbali huweza kujaza makorongo kwa saa chache hata pale ambapo mbingu ni nyeupe.

Njia za kusini

Kwa muda mrefu Mto Rufiji ulikuwa kizuizi kikubwa kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini, na wasafiri walitegemea kivuko. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kutoka Mingoyo karibu na Lindi, barabara ya lami inaelekea Masasi kupitia Nyangao na Ndanda. Njia ya Ruangwa inachepuka Nanganga, na Nachingwea hufikiwa kutoka Masasi au kutoka Ruangwa. Lami imekuwa ikisogea katika njia hizi kwa awamu. Barabara ya Nachingwea kwenda Liwale kwa muda mrefu imekuwa ya udongo.

Upande wa magharibi, barabara ya Masasi–Tunduru–Songea iliwahi kusifika kwa tope lake hadi ilipowekwa lami. Upande wa kusini, Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 na kuwapa wasafiri njia ya kuingia Msumbiji bila kivuko. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya makundi yenye silaha katika jimbo la Cabo Delgado yameifanya njia hiyo kuwa ya hatari, na wasafiri wengi huzunguka kupitia Malawi.

Mbinu za uendeshaji

Katika njia mbaya mpandaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, ili mwili usipigwe na mitikisiko. Kwenye mchanga hupunguza upepo wa matairi, husogeza uzito nyuma na kuendelea kutoa mafuta bila kusitasita, kwa kuwa kufunga breki ghafla huzamisha gurudumu la mbele. Akirudi kwenye lami hujaza upepo tena, kwani tairi laini hupata joto na kuharibika.

Kabla ya kuvuka mto, mpandaji huuvuka kwanza kwa miguu kupima kina, nguvu ya maji na mawe yaliyo chini. Injini ikimeza maji haiwashwi: hufunguliwa plagi na maji hutolewa kwanza, la sivyo vipuri vya ndani huvunjika. Chujio la hewa husafishwa mara kwa mara kwa sababu ya vumbi. Petroli inayouzwa kwenye chupa vijijini huchujwa kwa kitambaa safi kabla ya kutiwa kwenye tangi.

Usalama na sheria

Hatari kubwa ni umbali kutoka kwenye matibabu. Mvunjiko wa mguu, unaotibika kwa urahisi mjini, huweza kugharimu kiungo au uhai iwapo majeruhi atachelewa. Katika eneo hili kuna hospitali ya wilaya Nachingwea, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao kwenye barabara ya Masasi. Msafiri hushauriwa kutosafiri peke yake, kutopanda usiku, na kumwachia mtu ratiba ya safari yake.

Nchini Tanzania vyombo hupita upande wa kushoto, kofia ngumu ni lazima, na mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Pikipiki haziruhusiwi kuingia katika hifadhi za taifa, isipokuwa kupita kwenye barabara kuu za umma kama ile inayokatiza Mikumi. Mgeni anayeingia na pikipiki yake huhitaji kibali cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda, pamoja na bima. Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa Tanzania na katika nchi kadhaa jirani.

Uhusiano na wenyeji

Barabara ya kijiji ni pia njia ya wanafunzi, baiskeli, mbuzi na wanawake wanaotoka kuteka maji. Chombo kizito kinachopita kwa kasi huhatarisha watu hao na kuwaachia vumbi. Wakati wa mvua, bodaboda huwa mara nyingi ndicho chombo pekee kinachoweza kumfikisha mgonjwa au mama mjamzito kwenye zahanati, na waendeshaji wake hujua kila korongo lilipo.

Kwa sababu hiyo, maarifa ya njia hupatikana vizuri zaidi kwenye vijiwe vya bodaboda kuliko kwenye ramani. Swali linalosaidia si kama njia ni nzuri, kwa kuwa njia nzuri kwa bodaboda huweza kuwa mtego kwa pikipiki ya kilo 250. Baada ya salamu, mgeni huuliza lori la mwisho lilipita lini, na maji ya mtoni yanafika wapi mwilini. Wasafiri wengi humlipa kijana wa bodaboda awatangulie katika sehemu ngumu, na mafundi wa vijijini huziba pancha na kunyoosha spoku zilizopinda.