Pikapu Iliyoinuliwa na Barabara ya Nyamyumba
Historia ya usafiri haimo katika ramani tu; nadhani imo pia chini ya pikapu. Huku Nyamyumba, kiwanda cha bia kilitangulia lami: Bralirwa ilianzishwa mwaka 1957, lakini barabara ya kuelekea Karongi, kandokando ya Ziwa Kivu, ilibaki ya udongo na mawe hadi karne hii. Katika njia kama hiyo, kuinua pikapu kuna mantiki. Springi ndefu huinua bodi ili tairi kubwa lienee, na tairi ndilo huinua difu: la inchi 33 badala ya 29 huipandisha inchi 2. Leo kuna lami, na kimo kilekile kinachookoa gari matopeni hurahisisha kupinduka konani. Anayemsifu au kumlaumu fundi aulize kwanza: gari liliinuliwa kwa barabara ipi?