Lepe

Neno hili tunalisikia zaidi katika malalamiko: "Sikupata hata lepe la usingizi." Ni nadra mtu kusema amelipata. Lepe ni usingizi ule mwepesi. Jicho limelegea, lakini sikio bado linasikia mlango.

Nalileta leo kwa sababu wapo wanaofasiri hipnosisi, yaani hali ya utulivu wa kina wa akili, kuwa "kiinimacho". Hapana. Kiinimacho ni mazingaombwe ya kumhadaa mtazamaji, na anayejituliza mwenyewe chumbani kwake atamhadaa nani? Ila hata jina la kigeni lina kasoro. James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza miaka ya 1840, akilitoa katika neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye aliona kwamba wengi hawalali, wamezama tu katika wazo moja, akajaribu kulibadilisha. Alichelewa, lilikwisha kuota mizizi.

Mjerumani Johannes Schultz, katika kitabu chake cha 1932, alifundisha njia ya kujifikisha kwenye utulivu huo: fumba macho, jiambie polepole kwamba mkono wako wa kulia ni mzito, kisha kwamba una joto. Wengine huongeza taswira: ufuo, maji yanakupwa taratibu.

Hali hiyo tuiiteje? Mimi nasema lepe. Najua litapingwa, maana nalo lina harufu ya usingizi. Basi mwenye neno bora kutoka kwao, alilete.