Sindano ya Nini?

Dodoma, mwanamke akisema "natumia sindano," msikilizaji haulizi zaidi: anapanga uzazi. Sindano hiyo huchomwa kila baada ya miezi 3, hutolewa mjini na katika zahanati za Bahi na Chamwino, na kazi yake ni kuzuia mimba. Sasa mfikirie mwenzake ambaye ametafuta mtoto kwa miaka, na leo daktari amemwambia ataanzishiwa "sindano za homoni." Akifika nyumbani na habari hiyo, mama mkwe anashtuka: "Mwanangu, unatafuta mtoto halafu unachoma sindano?"

Swali la mama lina mantiki. Sindano ya uzazi wa mpango nayo ni ya homoni. Tumeziita kwa jina moja dawa ambazo kazi zake zinapingana, kisha tunamtaka mgonjwa azitumie kwa usalama. Ninaamini usalama wa tiba ya ugumba unaanza pale mtumiaji anapoweza kuitaja sindano yake kwa kazi yake, kwa lugha anayoifikiria.

Tuanze na neno lenyewe. "Homoni" ni istilahi changa hata huko ilikotoka. Mwanafiziolojia Ernest Starling aliitumia London mwaka 1905, akiichota katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma au kuamsha. Kiswahili kikaipokea kama homoni, na pembeni yake kikaweka "kichocheo." Kichocheo kinabeba maana ya Starling barabara, ila kina mzigo mwingine: mwalimu wa kemia anakitumia kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko. Kwa hiyo ningeacha homoni iwe jina la kitu, na kuchochea kiwe kitenzi cha tendo. Kitenzi hicho kinafundisha. Anayechochea moto hasukumi kuni zote kwa mpigo. Husukuma kidogo, akatazama chungu, akasukuma tena au akazivuta nyuma. Tiba hii nayo huenda hivyo hivyo: daktari huanza na dozi ndogo, hutazama ovari kwa ultrasaundi, pengine hupima homoni katika damu, ndipo huongeza, hupunguza au husimamisha.

Katika tiba hii sindano ziko za aina kadhaa. Ya kwanza ningeiita sindano ya kukuza mayai. Ina homoni ambayo tezi ya pituitari, chini ya ubongo, huitoa kila mwezi ili vifuko vya mayai vikue. Historia yake inashangaza. Mwanamke akifika ukomo wa hedhi, homoni hii huongezeka mwilini na kutoka kwa wingi katika mkojo. Watafiti wakaisafisha kutoka mkojo wa masista wazee wa Italia, na mwaka 1962, kwa kazi ya daktari Bruno Lunenfeld, mtoto wa kwanza wa tiba hiyo akazaliwa Israeli. Jina "menotropini" linalosomeka kwenye baadhi ya vichupa limebeba asili hiyo ya ukomo wa hedhi. Siku hizi homoni ya namna hii hutengenezwa pia maabara.

Ya pili ni sindano ya kuachilia yai. Hapa mazoea yetu ya kusema yanatuchanganya. Tunasema "yai limepevuka" tukimaanisha kukomaa na kutoka kwa pamoja, ilhali ni matukio mawili yenye sindano mbili. Sindano hii huchomwa kwa saa iliyopangwa, na yai hutoka yapata saa 36 baadaye. Mayai yakikua mengi mno, daktari anaweza kuizuia kabisa ili kumlinda mgonjwa. Asiyejua tofauti ya sindano hizi atadhani amenyimwa dawa, na huenda akaitafuta kwingine.

Zipo nyingine. Ipo inayoituliza tezi ya pituitari kwa muda, ili mayai yasitoke kabla ya wakati. Ipo ya projesteroni, inayoutegemeza ukuta wa mfuko wa uzazi baada ya yai kutoka. Na nje ya tiba hii ipo sindano ya homoni ya kiume, ambayo jina lake limewaponza wengi. Mwanamume akiambiwa mbegu zake ni chache, rafiki humshauri "aongeze homoni." Testosteroni ya kuchoma huufanya ubongo uone kwamba homoni inatosha, nao huacha kuziamrisha korodani, na mbegu zinapungua au zinakoma. Jina limemwahidi mtoto, dawa imemfungia mlango.

Kabla ya sindano yoyote, kuna neno la Kiswahili ambalo madaktari wamebahatika kulirithi: kipimo. Ni uchunguzi wa maabara, na ni kiasi cha dawa. Mgonjwa anastahili vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linauita ugumba hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana bila kinga, na linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 hukutana nao maishani. Unamhusu mwanamume sawasawa na mwanamke, na hata aliyekwisha kuzaa. Mbegu za mume zipimwe, mirija ya uzazi ya mke ichunguzwe. Katika sehemu nyingi za Afrika mirija huziba kwa sababu ya maambukizi, na sindano ya kukuza mayai haizibui mrija.

Kisha kipimo cha pili, cha dozi. Tazama kichupa: mara nyingi ni unga mweupe kidogo, wa kuchanganywa na maji yake maalumu, na kimeandikwa yuniti 75. Yuniti hupima nguvu ya dawa, mililita hupima ujazo wa maji. Anayejichomea nyumbani aonyeshwe mstari wa bomba la sindano kwa kidole, naye arudie mbele ya muuguzi. Nyingi za dawa hizi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, jambo la kuzingatia katika joto la Dodoma mwezi Oktoba. Zisigandishwe, na maelezo ya kila kasha yafuatwe. Sindano iliyotumika iingie kwenye boksi gumu la taka zenye ncha kali.

Hatari kubwa ya tiba hii nayo inahitaji jina ambalo mgonjwa atalikumbuka usiku: ovari kuchochewa kupita kiasi. Maji huvuja kutoka mishipa na kujaa tumboni. Tumbo linavimba na kuuma, uzito unapanda kwa kasi, kutapika hakukomi, mkojo unapungua, pumzi inakuwa fupi, na damu inaweza kuganda mishipani. Dalili hizo hazisubiri asubuhi. Hatari nyingine huja ikiwa na sura ya baraka: mimba ya watoto watatu au wanne, ambao mara nyingi huzaliwa kabla ya siku zao. Na kuna mtego mdogo: sindano ya kuachilia yai huwa na homoni ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba cha mkojo, hivyo anayepima ndani ya takriban wiki 2 anaweza kufurahia mimba ambayo haipo.

Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa mimba ya kupandikizwa mwaka 2004, Nairobi mwaka 2006. Tiba hizi zimetufikia majuzi, na maelezo yake mengi yakaja kwa Kiingereza. Kazi ya kuyafikisha kwa watu inaweza kufanyika Chimwaga, mahali palipojulikana kwa mikutano mikuu ya Chama Cha Mapinduzi (CCM) kabla ya Chuo Kikuu cha Dodoma kuanzishwa hapo mwaka 2007. Katika chuo hicho wapo wanaosomea udaktari na wanaosomea Kiswahili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilikwisha kutoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo tangu 1967 kwa usanifishaji wa lugha. Kinachotakiwa sasa ni kadi ya mgonjwa kwa Kiswahili: jina la sindano kwa kazi yake, dozi kwa yuniti, tarehe na saa, siku ya ultrasaundi, dalili za hatari, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Mwanamke mwenye kadi hiyo atamjibu mama mkwe kwa utulivu: "Mama, hii ni ya kukuza mayai. Alhamisi wanayapima, ndipo wataamua kama nitachoma ya kuyaachilia."